Tangi Lililosonya

Wewe uliyefungua daftari hili, lifunge. Tafadhali. Kama umeshausoma mstari huu, basi uumeze kama mtu anavyomeza kidonge kichungu, bila kutafuna. Usimwambie Meneja. Usimwambie Fundi, maana ukimwambia Fundi umeitangazia karakana nzima. Hata mama yangu usimwambie. Kwake siri hulala usiku mmoja tu, asubuhi imeshaamka na kwenda kwa jirani. Naandika kwa sababu nisipoandika silali, na nikisema nitaharibu. Sina sababu nyingine.

Jumatatu, 3 Machi

Boti imezimika! Boti yetu ile ile iliyorudi juzi kutoka kupakwa rangi, nyeupe mpaka inaumiza macho. Imezimika katikati ya mkondo, na ndani wauguzi na makasha ya dawa za zahanati ya kisiwani.

Mimi nilikuwa ofisini. Namshukuru Mungu. Nayaogopa maji kuliko ninavyomwogopa Meneja, na Meneja namwogopa sana.

Sista, yaani muuguzi mkuu, mwanamke mnene wa mwili na wa sauti, alirudi amefura. Anasema injini ilianza kuchoka polepole, kama mtu mzima anayepanda ngazi. Ikakohoa. Ikanyamaza. Nahodha akafungua kifuniko cha tangi, akatumbukiza kijiti chake, akasema dizeli ipo tele. Akapiga pampu ya mkono, akatoa hewa kwenye mipira ya mafuta, na injini ikawaka kana kwamba haijamkosea mtu.

Hapa lazima niandike jambo ambalo sijaliandika popote. Nahodha ni mjomba wangu. Yeye na mama ni tumbo moja. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenisomesha, kuanzia madaftari mpaka viatu. Kazini hakuna anayejua. Sikudanganya — hakuna aliyeuliza! Ila Meneja amebandika tangazo ukutani, kwa herufi kubwa: OFISI HII SI SHAMBA LA UKOO. Basi mimi namwita Nahodha, yeye ananiita Karani, na jioni tunakula sahani moja.

Jumanne, 4 Machi

Fundi amekuja. Karakana nzima inamwita Fundi Tayari, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Injini imelala ndani kabisa, tumboni mwa boti, chini ya sanduku la mbao. Fundi akaingia mpaka kiunoni, yakabaki makalio tu yakizungumza nasi. Machujio ya mafuta, akasema. Machafu kama roho ya mwanasiasa. Akabadilisha yote mawili. Akawasha pale pale gatini. Injini ikaimba.

"Tayari!" akaniambia. "Dada Kalamu, andika: mgonjwa amepona."

Nikaandika.

Mgonjwa amezimika mchana, pale pale alipozimika jana, nyuma kidogo ya boya jekundu. Pale pale! Mjomba anasema alifungua kifuniko cha tangi ili apime, na tangi likamsonya.

Fundi akacheka mpaka akashika nguzo. "Limekusonya? Umelikosea nini, Nahodha, hukulisalimia?"

"Limenisonya," Mjomba akarudia, bila kucheka. "Fyuuu. Kama mama mkwe."

Kisha ikawaka. Wakarudi. Fundi anasema machujio sasa ndiyo yameanza kuzoea. Sijawahi kusikia chujio linazoea. Lakini mimi nani.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya.

Meneja aliita kikao. Akaniita na mimi, niwe shahidi. Chumba chake kina feni moja, inamwelekea yeye tu. Akamsimamisha Mjomba mbele ya meza. Hakumpa kiti! Mtu aliyeendesha boti kabla Meneja hajajua kuogelea. (Hajui hata sasa, nadhani. Mimi pia sijui. Tuliache hilo.)

Meneja hazungumzi kwa ukali. Ndiyo maana anatisha. Akasema anajua kidogo kuhusu injini. Injini ya dizeli ikizimika hivi, inakosa mafuta. Mshale wa dizeli unaonyesha yapo. Basi ama yamechanganywa na maji, ama kuna mtu anayachezea. Halafu akauliza: kila boti ikizimika, ni nani anafungua tangi?

"Mimi," akasema Mjomba. "Napima."

"Mshale upo."

"Mshale ni mashine, mzee. Kijiti ni macho yangu."

Mjomba amepima kwa kijiti tangu siku niliyomjua. Kabla ya kuondoka, baada ya kufika, katikati akishuku. Manahodha wote wa gati hili wanafanya hivyo. Lakini Meneja alitabasamu, akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu asubuhi kama mwiba kwenye soksi: "Mtu mwenye mkono chunguni kila saa si mpishi. Ni mdokozi."

Sista, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Aka!" Mimi niliangalia kalamu yangu.

Uamuzi: tangi litatiwa kufuli, ufunguo atakaa nao Meneja. Kufuli likishapatikana, Jumatatu, yeye mwenyewe atapanda boti. Ikizimika tena, Nahodha atajua kwamba kazi imeisha.

Jioni tulikula. Mjomba alikula kama kawaida, hata akaomba chumvi. Mama akamuuliza kazini kuna nini. "Kuna upepo," akasema. Mimi nikaenda kunawa mikono.

Alhamisi, 6 Machi

Leo pampu ya mafuta. Fundi ameibadilisha, ameipigapiga kwa spana, ameibusu. Tayari. Nimemchukia mtu huyu na furaha yake.

Wamemwaga dizeli yote, wakaichuja kwa kitambaa. Hakuna tone la maji. Nilidhani Meneja atafurahi. Alisema, "Basi ni ule upande mwingine." Upande wa wizi.

Walipojaza tena, dizeli ikarudi juu na kumrukia Mjomba kifuani. Zamani tangi lilipokea taratibu tu. Sasa linacheua kama mtoto mchanga. Shati lake nimelifua mimi, harufu haijatoka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepanda boti!!

Meneja alitaka mtu wa ofisini awaangalie. Nikasema nina kazi nyingi. Akasema kazi hii ndiyo nyingi. Basi nimevaa jaketi la kuokolea, nikalifunga kamba zote, na ya ziada nikaifunga kwenye benchi. Fundi akaniuliza kama nakwenda kisiwani au mwezini.

Niandike kwa utaratibu, maana woga unachanganya mambo.

Nilikaa benchi la nyuma, kushoto. Tangi liko chini yake. Tulipotoka gatini injini ilikuwa nzuri. Mjomba anashika usukani kwa vidole viwili, kama mtu ameshika kikombe. Boya jekundu likaja. Muda mfupi kabla yake, chini yangu kitu kikagonga: ndu! Kama sufuria inayobonyea. Nikaruka, kamba ikanirudisha.

"Ni bati tu, Dada Kalamu," akasema Fundi. "Limepata jua."

Jua? Ndani ya benchi?

Halafu sauti ya injini ikaanza kupungua. Siyo ghafla. Kama mtu anayezibwa pua. Mjomba akanitazama mara moja tu, na nikaona kwamba yeye pia anaogopa. Sikujua kwamba anaweza. Ikakohoa. Ikafa. Kimya cha majini ni kibaya — unasikia boti ikilambwa.

Mjomba akaja nyuma, akaniomba nisogee, akafungua kifuniko.

Fyuuuu!

Lilisonya. Nimelisikia kwa masikio yangu. Refu, la dharau, na chini yangu likagonga tena: ndu! Akapima, mafuta tele. Fundi akapiga pampu yake mpya, akatoa hewa, ikawaka.

"Mmeona? Pampu!" akasema Fundi. "Kwa ile ya zamani isingewaka!"

Lakini kwa ile ya zamani iliwaka. Jumatatu iliwaka, na Jumanne iliwaka. Kila mara iliwaka. Na kila mara, kabla ya kuwaka, Mjomba alifungua kifuniko.

Nimeandika sentensi hiyo, halafu nimeiangalia. Sijui inanipeleka wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Najua! Najua, najua, na laiti nisingejua!

Mama alinituma nifungue debe jipya la mafuta ya kupikia. Nikatoboa tundu moja kwa msumari, nikainamisha. Yakatoka kidogo, yakasita, yakakatika. Nikalikung'uta. Mama akatoka na mwiko.

"Umesoma mpaka macho yamechoka, na debe linakushinda? Toboa na huku, lipumue!"

Nikatoboa na huku. Yakamwagika kama mto. Mimi nimesimama tu na msumari mkononi, mafuta yanajaa kwenye chupa, yanapita, yanateremka mezani, mama anapiga kelele.

Lipumue. Tangi halipumui. Injini inavuta dizeli, hewa haiingii mahali pake, tangi linajibana — ndu! — mpaka injini inashindwa kuvuta. Mjomba anafungua kifuniko, hewa inaingia kwa kishindo, na kila kitu kinapona. Ndiyo maana linacheua likijazwa. Kijiti cha Mjomba siyo wizi. Kijiti cha Mjomba ndicho kilichokuwa kinawarudisha nyumbani!

Na Jumatatu kifuniko kitakuwa na kufuli.

Haya yote yalianza boti iliporudi kutoka kupakwa rangi. Nikaenda kwa yule mpaka rangi aliyeipaka, nyuma ya gereji. Nilimkuta anapaka geti la mtu. Nikamwambia boti imependeza. Kweli akafurahi, akasema ubavu ule laini kama shavu la mtoto. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, kama hapakuwa na tundu lolote pale ubavuni.

Lilikuwepo. Kitundu kama pua ya paka, kushoto, nyuma, chini ya ukingo. Yeye alitaka kukiacha. "Bosi wenu akaja kukagua. Akakitia kidole. Akasema, 'Nimeomba boti au chekeche? Ziba.' Nikaziba. Nikapiga msasa. Rangi mara mbili juu yake. Hata wewe ukitafuta hukioni."

Alijisifu! Nikamwambia hongera. Nilirudi nyumbani mbio.

Meneja. Kidole cha Meneja.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Mjomba. Uani, mama akiwa ameenda kwa jirani na zile siri zake.

Aliweka ndoo ya maji chini. Kisha akasema, "Kumbe lilikuwa linasonya kwa haki yake." Akacheka kidogo, peke yake.

Nikamwambia twende sasa hivi na msumari, tuzibue, basi, yaishe. Akatikisa kichwa. Meneja amefunga geti la gati tangu Ijumaa jioni, ameweka mlinzi, hataki mtu aiguse boti. Nahodha anayetuhumiwa akikutwa pale na msumari, hata malaika hatamtetea.

"Basi mwambie kesho asubuhi, Mjomba. Kabla hamjaondoka."

"Mimi nikimwambia, nitakuwa mwizi anayemsingizia bosi. Atasikia hilo tu." Akaangalia mikono yake. "Akisema mtu mwingine, labda."

Hakuniomba. Angeniomba ningeweza kukataa! Alisema tu "labda," akaenda kumwagilia mboga.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Samahani mzee, nina wazo dogo. Samahani mzee, huenda nimekosea. Samahani mzee, kile kitundu. Kila sentensi inaanza na samahani na kuishia hapo hapo. Nikimweleza, atauliza karani anajuaje mambo ya tangi, na kwa nini anamhangaikia nahodha. Atafukua. Ukoo wote utatoka juu kama mihogo.

Sijali kuhusu mimi. Si kweli. Najali sana kuhusu mimi. Lakini nikifumba macho naona jinsi alivyosimama mbele ya ile meza bila kiti.

Nimeweka msumari wa mama kwenye mkoba. Sijui kwa nini. Kama mtu anavyobeba dawa ya kichwa.

Jumatatu, 10 Machi, asubuhi

Nimejaribu. Mungu ni shahidi.

Nilimngoja mlangoni. "Samahani mzee, kuna jambo kuhusu tangi—"

"Baadaye, binti."

Nilimfuata mpaka ngazini. "Mzee, lile kufuli—"

"Zuri, eh?" Akalitoa mfukoni anionyeshe. Kubwa kama la duka la vito. "Hili hata mwizi mwenyewe atalisifu."

Nikasema ndiyo, zuri. NDIYO, ZURI! Nitakufa na maneno hayo.

Sasa amelifunga. Ameingia ofisini, ametoka, anapanguza mikono. Sista yumo na makasha yake, Fundi yumo, Mjomba yuko usukanini na shati alilopigiwa pasi. Meneja ananipungia mkono: shahidi naye apande.

Bado Jumatatu, majini

Imezimika.

Nyuma ya boya jekundu, kama ilivyo ada. Ndu. Kikohozi. Kimya. Mjomba alikuja mpaka kwenye benchi kwa mazoea, mkono ukagonga kufuli. Meneja akasema, "Mkono umezoea, eh?"

Naandika nimeinama nyuma ya makasha ya dawa. Wanadhani natapika.

Fundi anapiga pampu. Anapiga, anapiga. Haivuti kitu. Anasema ni kama kukamua jiwe. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hajasema tayari. Ameomba tangi lifunguliwe. Meneja amepapasa mfuko wa shati, wa suruali, wa koti. Amepapasa tena wa shati. Ufunguo uko kwenye droo ofisini! Msumeno wa chuma uko karakana. Simu haina mtandao. Ameinyanyua juu kama anayebariki umati.

Nanga imetupwa lakini inaburuzwa. Upande wa kushoto kuna mwamba unaofanana na kiatu kilichopinduliwa, nao unakuja. Hauna haraka. Mjomba amechukua pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, amesimama mbele, tayari kuusukuma. Mikono yake yote miwili iko huko.

Meneja amemwambia, mgongoni: tukifika nchi kavu, ukusanye vitu vyako.

Mjomba hajageuka. Amesema, "Tufike kwanza, mzee."

Nimesema.

Nimesimama nikasema. Bila samahani! Nimesema tangi halipumui. Nimesema Nahodha hajaiba hata kijiko, kijiti chake ndicho kilichokuwa kinaingiza hewa, na kufuli ndilo lililotuua leo. Nimesema kuna kitundu ubavuni, kushoto, nyuma, kimezibwa na kupakwa rangi.

"Nani alikiziba?" akauliza Meneja.

"Mpaka rangi."

"Kwa amri ya nani?"

Nikanyoosha kidole changu mwenyewe, nikaonyesha kidole chake.

Alikitazama kile kidole kama cha mtu mwingine. Fundi akasema polepole, "Alaa... kumbe ndiyo ile ndu, ndu." Meneja akabadilika uso, halafu akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini: "Na wewe, binti, unamtetea Nahodha kama nani wake?"

Nilikuwa naanza kutunga jibu. Jibu la karani. Wimbi likatupiga ubavuni, boti ikainama, maji nikayaona karibu na uso wangu, na nikapiga yowe ambalo nadhani limefika kisiwani:

"Mjomba!"

Pondo likakwaruza jiwe. Mjomba, bila kugeuka, akasema, "Nipo, mpwa wangu. Kaa chini."

Basi. Limetoka. Lipo hewani na harufu ya dizeli.

Sista ndiye aliyecheka wa kwanza. "Haya, mpwa wa Nahodha. Hicho kitundu kinazibuliwa na nini?"

Nikatoa msumari wa mama.

Meneja akasema, "Msiguse! Ile rangi ni mpya!"

"Na mimi ni mzee, baba," akasema Sista. "Unataka nife na rangi mpya?"

Hakuna mwingine wa kuufikia ubavu ule. Mjomba akiacha pondo tunagonga. Fundi lazima akae kwenye pampu, hewa ikiingia apige. Sista mkono wake haupiti kati ya ukingo na mpira uliofungwa nje kukinga ubavu, tumejaribu. Meneja amekaa, ameshika simu yake. Nimebaki mimi, na mkono wangu mwembamba wa kuandikia.

Nafunga daftari. Linaingia kwenye mfuko wa nailoni wa Sista, pamoja na bandeji, ule usioingiza maji. Kama limekufikia wewe na mimi bado sijafika, basi sahau niliyokuomba ukurasa wa kwanza. Mwambie yeyote. Na ukitaka kunipata, usiulize ofisini. Nenda gatini, omba boti yoyote yenye injini inayopumua. Pita boya jekundu, acha mkondo, elekea ule mwamba wa kiatu. Utaona boti nyeupe kupita kiasi. Njoo kwa kushoto, taratibu, usilete wimbi. Utamwona mama mnene amekalia miguu ya mtu; miguu hiyo ni yangu. Usiniite Karani, wala Dada Kalamu. Ita mpwa wa Nahodha, kwa nguvu, maana kichwa kitakuwa chini, sikio karibu na maji. Nitaitika. Na kama una msumari mrefu kuliko huu, uje nao.